Kujiandaa kwa Mbio Ndefu za Majira ya Baridi kwa Ajili ya Hisani

Kila mwezi wa Januari, katika kijiji cha Edale kilichopo Derbyshire, Uingereza, wakimbiaji wenye mabegi mgongoni huanza safari ya kuelekea kaskazini kwa kufuata Pennine Way, njia ya miguu iliyofunguliwa mwaka 1965 na inayoishia Kirk Yetholm, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Scotland. Mbio hizo huitwa Spine Race. Urefu wake ni maili 268, yaani kilomita 431, na mkimbiaji hupewa saa 168 kuzimaliza. Saa hizo huendelea kuhesabiwa anapokula, anapolala na anapobadilisha soksi. Mwongozo huu ni kwa msomaji wa Kiswahili anayeishi Uingereza au anayeweza kufika huko, ambaye amekwisha kukimbia marathoni moja au mbili, na sasa anataka kuingia katika mbio za aina hii ili kuchangisha fedha za hisani.

Nashauri uanze na suala la fedha kabla ya kununua hata soksi, kwa sababu namna utakavyoomba mchango itaamua namna utakavyokimbia. Sisi tuliokulia katika michango ya harusi na misiba tunaujua uzito wa ahadi: mtu akishaandika jina lake kwenye kundi la WhatsApp na kiasi mbele yake, mweka hazina humfuata mpaka alipe. Uzito huohuo humrudia mwombaji. Ukiwaambia watu watoe endapo utamaliza, au watoe paundi moja kwa kila maili utakayokwenda, utajikuta usiku wa tatu ukiwa mlimani, vidole havina hisia, ukipiga hesabu ya fedha za watoto yatima badala ya kupiga hesabu ya mwili wako. Kwa hiyo omba watu watoe kabla ya siku ya kuanza, na waeleze kwa maandishi kwamba mchango wao ni kwa ajili ya kazi ya shirika na hautegemei wewe kufika mwisho.

Ada ya kushiriki, vifaa, nauli na malazi vitoke mfukoni mwako. Yapo mashirika ambayo humlipia mkimbiaji ada kwa sharti la kuchangisha kiwango fulani, na utaratibu huo ni halali, lakini mchangiaji ana haki ya kuujua kabla hajatoa. Hakikisha pia kwamba shirika limesajiliwa: kwa England na Wales orodha hutunzwa na Charity Commission, na Scotland ina msajili wake. Usajili una faida nyingine, nayo ni mpango wa serikali uitwao Gift Aid, ambao humwezesha mlipakodi wa Uingereza aliyetoa paundi 100 kuliletea shirika paundi 125 bila yeye kuongeza kitu. Hapa desturi yetu inaweza kutugharimu. Tumezoea kukusanya fedha kwa mkono mmoja, kisha mweka hazina anatuma jumla. Lakini Gift Aid hufuata kodi ya mtoaji mwenyewe, hivyo fedha za watu ishirini zikitumwa kwa jina la mtu mmoja, nyongeza hiyo haiwezi kudaiwa kwa halali. Kila mmoja na atoe mwenyewe kupitia ukurasa wa michango, ajaze tamko la Gift Aid ikiwa analipa kodi huko, na aangalie vizuri kama tovuti imemwekea bakshishi ya hiari kwa ajili yake yenyewe, kwani mara nyingi inaweza kuondolewa. Jamaa walioko Dar es Salaam au Mombasa wanaweza kutoa pia, ila mchango wao hautapata nyongeza.

Tena kuna hesabu ambayo wachangishaji wengi huisahau. Vikosi vya uokoaji milimani vya England na Wales ni vya watu wa kujitolea, na huendeshwa kwa michango. Mkimbiaji asiyejiandaa, anayewatoa watu hao kitandani saa nane za usiku ili wambebe kwa machela, anaomba hisani kwa mkono wa kulia huku akiila hisani ya wengine kwa mkono wa kushoto. Maandalizi ya mwili, kwa maana hiyo, ni sehemu ya uaminifu kwa waliokuchangia.

Waandaaji wa Spine hutaka kuona uzoefu wa mwombaji kabla ya kumkubali, na kwa mtu mpya ziko mbio fupi katika njia hiyohiyo. Spine Sprint ni maili 46 kwa saa 18, na Challenger South ni maili 108 kutoka Edale hadi Hardraw kwa saa 60. Anza na ile fupi, hata kama marafiki watakuambia kwamba maili 46 hazina kishindo cha kutosha kwenye tangazo la mchango. Mchangiaji wa kawaida haoni tofauti kubwa kati ya maili 46 na maili 108, kwa sababu zote mbili anaziona ni wazimu.

Mazoezi yaanze miezi tisa au kumi kabla, na yajengwe juu ya ukweli mmoja: hizi ni mbio za kutembea. Ukigawa kilomita 431 kwa saa 168 utapata kilomita mbili na nusu hivi kwa saa, mwendo wa bibi anayetoka sokoni na kikapu chake. Ugumu unatokana na kwamba ndani ya saa hizo mna usingizi, chakula, matope ya kinamasi, giza, na miinuko ya kupanda ambayo jumla yake inazidi mita 10,000. Kwa hiyo pima mazoezi kwa saa ulizokaa juu ya miguu, na kasi iache. Katika wiki ya kawaida, kimbia mara tatu kwa wepesi, fanya siku moja ya vilima na mazoezi ya nguvu za mapaja na mgongo, kisha mwishoni mwa wiki nenda matembezi marefu yanayoongezeka kidogo kidogo, na kila wiki ya nne upunguze ili mwili ujenge. Ifikapo Oktoba, uweze kutembea kwa muda wa saa sita hadi nane Jumamosi na kurudia Jumapili, ukiwa na begi lenye uzito uleule utakaobeba siku ya mbio, ukitumia fimbo zilezile za kutembelea. Anayeishi mji tambarare kama London atumie ngazi za jengo refu. Majirani watashangaa wiki ya kwanza tu.

Mazoezi ya usiku si ya kuachwa. Katika Januari, kaskazini mwa England mwanga wa mchana hudumu takriban saa nane, hivyo thuluthi mbili za mbio ni giza. Jifunze kusoma ramani na dira ukiwa umechoka, umelowa na umevaa glavu, kwa kuwa ukungu ukishuka juu ya mlima wa Kinder Scout, saa chache tu baada ya kuanza, kila jabali hufanana na jenzake. Simu haitoshi: kioo chake hakisikii kidole kilicholowa, na betri huisha haraka katika baridi. Betri za akiba za taa ya kichwani ziwekwe ndani ya nguo, karibu na mwili.

Sasa nije kwenye baridi yenyewe, ambayo ndiyo tunayoielewa vibaya zaidi. Waliopanda Kilimanjaro wanaijua baridi kavu ya kileleni, na baridi ya namna hiyo, ingawa kali zaidi, ipo katika Arrowhead 135 ya Minnesota, Marekani, ambako washiriki wengi huburuta vifaa vyao kwa sleji na halijoto inaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Milima ya Pennines, ambamo Pennine Way inapita, ni kitu kingine. Huko unaweza kunyeshewa saa kumi mfululizo katika nyuzi mbili, kisha upepo ukaanza, na upepo wa kilomita 50 kwa saa hufanya nyuzi sifuri zihisiwe na ngozi kama nyuzi nane chini ya sifuri. Adui ni maji, yawe ya mvua au ya jasho lako. Usivae pamba mwilini, kwa sababu ikilowa haikauki upesi. Vaa tabaka la sufu au la nyuzi za kutengenezwa, juu yake tabaka la joto, na juu kabisa koti na suruali zisizopitisha maji. Anza ukiwa unahisi ubaridi kidogo ili usitoke jasho, na unaposimama vaa kabla hujasikia baridi.

Tahadhari moja inatuhusu sisi hasa. Utafiti uliofanywa miongoni mwa askari wa Uingereza na wa Marekani umeonyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi ya mikono na miguu mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Isitoshe, maelezo mengi ya huduma ya kwanza humwambia mtu aangalie ngozi iliyogeuka nyeupe au nyekundu, mabadiliko ambayo kwenye ngozi nyeusi ni magumu kuyaona, hasa kwa mwanga wa taa. Usingoje rangi, fuata hisia. Kidole kikifa ganzi na kisirudi baada ya kukitia kwapani kwa dakika chache, hilo ni jeraha linaloanza. Beba jozi tatu za glavu, moja ikiwa ile kubwa ya mfuko mmoja, inayofunika vidole vyote pamoja. Kwa miguu, paka mafuta mazito kabla ya kuvaa soksi, na katika kila kituo vua viatu, kausha, pumzisha, kisha vaa soksi kavu, hata kama unajua utakanyaga dimbwi baada ya dakika mbili.

Chakula kizoeshwe mazoezini. Lenga kilokalori 200 hadi 300 kwa saa, na usitegemee kiu ikukumbushe kunywa, kwa sababu baridi huipunguza. Mrija wa mfuko wa maji unaweza kuganda, kwa hiyo uwe na chupa pia. Nimeona chapati iliyopakwa siagi ya karanga na kukunjwa ikikaa vizuri mfukoni kuliko vyakula vingi vya dukani, na tende huliwa hata vidole vikiwa vizito. Chupa ya chai ya tangawizi ina uzito, lakini mimi huibeba.

Usingizi una kanuni chache. Panga kulala dakika 90 hadi saa tatu kwenye vituo vikubwa, na ujizoeze usiku mmoja tu wa kukesha, si zaidi, kwani kukosa usingizi hakuna mazoezi. Mwaka 2019 mwanamke aitwaye Jasmin Paris alishinda Spine Race kwa jumla, mbele ya wanaume, kwa saa 83 na dakika 12, huku akikamua maziwa ya mtoto wake vituoni. Mfano huo unatia moyo, lakini ratiba yake ya usingizi usiige. Ukianza kuona mawe yakigeuka mbuzi, hilo ni la kawaida. Ukianza kuzungumza nao, lala.

Andika masharti yako ya kuacha ukiwa nyumbani, umeshiba, na umpe mtu nakala. Kutetemeka kusikoisha, ulimi mzito, kujikwaa ovyo, kushindwa kufunga zipu: dalili mbili kati ya hizo zikitokea pamoja, vaa kila kitu ulichonacho, ingia katika mfuko wa kulalia na uombe msaada. Mtu ambaye ameacha kutetemeka ilhali bado ana baridi yuko katika hatari kubwa zaidi, na mara nyingi yeye ndiye atakayekuambia kwamba hajambo. Tumia kitufe cha dharura cha kifaa kinachoonyesha mahali ulipo mapema, mahali ambapo waokoaji wanaweza kukufikia.

Baada ya mbio usiendeshe gari siku hiyo, na usishangae vidole vya miguu vikibaki na ganzi kwa wiki kadhaa; ila kama ngozi ina malengelenge meusi au maumivu yanazidi, nenda hospitali. Ndani ya wiki moja tuma taarifa kwa waliochanga: jumla iliyopatikana, nyongeza ya Gift Aid, na uthibitisho wa shirika kwamba imepokea. Ambatanisha picha yako ukiwa umegusa ukuta wa Border Hotel ya Kirk Yetholm, mahali mbio za maili 268 zinapoishia, au picha ya kituo ulichoishia.