Kupima kreatinini kwa spektrometa ya masi: iondoe kreatini njiani

Kreatinini ni taka ya misuli inayochujwa na figo. Njia ya Jaffe ya kuipima, ya mwaka 1886, inategemea rangi ya asidi ya pikriki, na rangi hiyo hutokezwa pia na glukosi, ketoni, protini na baadhi ya dawa za sefalosporini. Spektrometa ya masi, mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake, haibabaishwi na hayo. Kinachoibabaisha ni kreatini, molekuli ya misuli inayozaa kreatinini.

Kreatinini ikishika protoni husomeka 114, kreatini 132. Tofauti ni 18, uzito wa molekuli moja ya maji, na kreatini huyapoteza maji hayo ndani ya chanzo cha ioni (sehemu ya mashine inayoipa sampuli chaji) ikawa 114 vilevile. Hapo mashine haina tena namna ya kuzitofautisha. Lazima zitenganishwe mapema, kwenye kolamu. Ya HILIC (inayoshika molekuli zinazopenda maji) inafaa, pamoja na asetonitrili na amonia fomati ya milimoli 10 kwa lita. Kabla ya kugusa sampuli ya mgonjwa, ingiza kreatini peke yake uangalie chaneli ya 114: kilele chake kisiguse mahali pa kreatinini. Kilele kidogo pale penye kreatinini kisikutishe, kwa sababu kreatini iliyoyeyushwa hugeuka kreatinini polepole.

Kiwango cha ndani, yaani kitu cha kulinganishia kinachotiwa kwenye kila sampuli, ni kreatinini yenye deuteri (hidrojeni nzito) tatu kwenye kikundi cha methili. Fuatilia 114 kwenda 44 (ioni ya 114 ikivunjika kuwa kipande cha 44) kwa kukokotoa na 114 kwenda 86 kwa kuthibitisha. Kwa kiwango cha ndani ni 117 kwenda 47 na 89.

Kwa myeyusho mama, pima miligramu 11.31 za kreatinini safi, yeyusha kwa maji hadi mililita 10: hiyo ni milimoli 10 kwa lita. Zimua upate viwango vya mikromoli 10, 25, 50, 100, 250, 500 na 1000 kwa lita. Tumia maji, si seramu, kwa kuwa seramu ya mtu yeyote ina kreatinini yake tayari.

Weka mikrolita 50 za seramu na mikrolita 50 za kiwango cha ndani (mikromoli 100 kwa lita). Changanya, uache dakika 30. Usifupishe muda huu: kiwango cha ndani kisipochanganyika sawasawa kabla ya protini kuganda, hakitafidia kinachopotea. Ongeza mikrolita 400 za asetonitrili, tikisa dakika moja, zungusha kwenye sentrifuji dakika 10 kwa g 10,000, kisha ingiza mikrolita 2 za maji ya juu. Usizimue zaidi kwa maji, kilele kitapasuka kwenye HILIC.

Mkojo una kreatinini nyingi mno, mara nyingi milimoli kadhaa kwa lita. Utikise vizuri, chukua mikrolita 50, ongeza maji hadi mililita 5, halafu endelea kama seramu na uzidishe jibu kwa 100. Kosa la pipeti hapa huingia lote kwenye jibu, maana kiwango cha ndani hutiwa baadaye. Kwa usahihi wa juu, zimua kwa mizani.

Usipashe sampuli moto pamoja na asidi, kreatini itageuka kreatinini. Kwenye alkali hugeuka kinyume chake.

Kila safari pima sampuli rejea za NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani: SRM 967 kwa seramu na SRM 3667 kwa mkojo. Uwiano wa 44 kwa 86 ukipishana na wa viwango kwa zaidi ya asilimia 20, usitoe jibu. Kuna kitu kimetoka pamoja na kreatinini. Daktari akitaka miligramu kwa desilita, gawanya mikromoli kwa 88.4.