Jinsi ya kutulia ndani huku mikono inachapa kazi

Mimi ni wakala wa miamala ya simu Kariakoo, nakaa Kigamboni, kwa hiyo mtu akiniambia tafuta sehemu tulivu ukae nusu saa namwangalia tu. Sehemu tulivu ipi, Kariakoo? Mi nimeacha kuutafuta huo utulivu pembeni ya kazi, nauweka humo humo kazini.

Anza na pantoni, kile kivuko kinachotuvusha toka Kigamboni kuja mjini Dar. Geti likifunguliwa wote tunakimbia, ila ukishapanda ndo basi, utafika nayo itakapofika. Simu iache mfukoni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, toa taratibu mpaka 6, kila namba sekunde moja, yaani pumzi 6 kwa dakika. Kazi kubwa iko kwenye kutoa, ukitoa kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta mapigo ya moyo yanapungua kasi. Macho usifumbe, ukifumba pale Feri simu imeenda.

Sasa kibandani. Kuna siku nilituma laki mbili namba siyo, mteja mmoja anafoka, wa pili ananinyooshea hela dirishani, muuza chaja naye anapita na kipaza sauti chake, nikabonyeza. Kuirudisha ile hela ilikuwa shughuli pevu. Toka hapo hela nahesabu mdomo umefungwa, hata ukinisalimia subiri, namba namsomea mteja kwa sauti, halafu kabla ya kuthibitisha nainua kidole juu ya simu, natoa pumzi moja, nasoma jina lililotokea. Sekunde 3 hivi. Mtu akisema "dada fanya fasta basi" namjibu "sawa kaka angu, yako ndo hii" na kidole bado kiko juu.

Wewe labda unakaanga chipsi au unaendesha bajaji, tafuta sehemu yako ambayo ukikosea panauma, pumzi iweke hapo. Usiiweke kila mahali, utachoka siku ya pili.

Wanaoswali washapewa vituo vitano kwa siku, shida ni kusujudu huku unapiga hesabu za floti, yaani ile hela ya kufanyia miamala, nami nimo humo.

Wiki ya mishahara itakushinda, foleni mpaka barabarani. Siku hizo pantoni nalala wima, nabaki na ile pumzi moja ya kabla ya kubonyeza.