Kabla Hujarusha Video Mubashara kwa Skrini za Kila Aina: Mambo ya Kuzingatia

Anza na orodha ya vifaa, kamera baadaye. Watu wanaopanga matangazo ya mubashara hubishana wiki nzima kuhusu lenzi na taa, halafu ukiwauliza watazamaji watatumia nini, wanajibu "simu na kompyuta". Runinga iliyonunuliwa miaka minane iliyopita hawaitaji. King'amuzi hawakitaji. Tableti ya mtoto yenye kioo kilichopasuka ndiyo kabisa hawaikumbuki. Wenye vifaa hivyo ndio watakaokupigia simu siku ya tukio. Kaa na karatasi, andika kila aina ya kifaa, mwaka wake na mfumo unaokiendesha. Ukishindwa kuijaza, ahirisha tarehe.

Kodeki, yaani njia ya kubana video na kuifungua: H.264 iwepo, hakuna mjadala. Ipo tangu 2003 na karibu kila chenye skrini kinaisoma. HEVC ya 2013 na AV1 ya 2018 zinabana video vizuri zaidi, lakini ziweke kama nyongeza kwa vifaa vinavyoziweza. Simu isiyo na chipu ya AV1 inaweza kuicheza kwa nguvu ya prosesa, ila betri utaiona inavyoyeyuka. Na usitoe H.264 yenye rangi ya biti 10 eti kwa sababu kompyuta yako ya kuhariria inaicheza. Kompyuta ya mhariri si shahidi wa kuaminika. Rangi biti 8, sauti AAC ya stereo, basi. Ukitaka sauti ya mzunguko, iwe njia ya pili pembeni.

Kama kamera zinatoa 1080i, yaani kila fremu ni nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti, zigeuze kuwa picha nzima (deinterlace) kabla hazijaingia kwenye enkoda, mashine au programu inayobana video. Runinga ina mazoea ya kuzirekebisha yenyewe. Simu haitajisumbua, na kila mkono unaopungwa utaota meno ya kitana.

Ngazi za ubora hapa zina maana kuliko watu wanavyodhani. Video moja ya 1080p kwa megabiti 5 kwa sekunde haimfai mtu aliye ndani ya basi. Tengeneza viwango kadhaa: 1080p kwa megabiti 5, 720p kwa 3, 480p kwa 1.2, 360p kwa 0.7, na kimoja cha chini kabisa cha 240p kwa 0.4 ambacho wakubwa watakuambia ni aibu kukitoa. Kitoe. Ndicho kitakachombakiza mtazamaji mtandao ukilegea. Kisha hakikisha fremu kamili, zile ambazo kifaa kinaweza kuanzia bila kuhitaji fremu iliyotangulia, zinaangukia sekunde ileile kwenye viwango vyote. Kwa fremu 25 kwa sekunde, weka moja kila baada ya fremu 50, na vipande ambavyo video hukatiwa ili isafiri mtandaoni viwe vya sekunde 6. Usiiachie enkoda ijiamulie kuzisogeza kila mandhari inapobadilika. Fremu hizo zisipolingana, kifaa kinapohama kutoka ngazi moja kwenda nyingine picha inaruka au inaganda, na mtazamaji anaulaumu mtandao wake bure.

Kuhusu njia ya kufikisha vipande hivyo: HLS, iliyoletwa na Apple mwaka 2009, na MPEG-DASH, iliyokuwa kiwango cha kimataifa 2012. iPhone inataka HLS. Runinga nyingi na simu za Android zinakubali DASH. Siku hizi muundo wa CMAF unakuruhusu kuwa na vipande vya aina moja na kuviandikia orodha mbili, ya HLS na ya DASH, nafuu kubwa kwa hifadhi na kwa kashe, yaani nakala zinazowekwa karibu na watazamaji. Ila ukishaanza kuifunga video kwa kufuli za haki miliki, jihadhari. FairPlay, kufuli ya Apple, inataka usimbaji wa aina ya cbcs, wakati runinga kadhaa za zamani zenye kufuli za PlayReady au Widevine zinajua aina ya cenc tu. Aliyekuambia "faili moja kwa wote" huenda hakuzihesabu hizo.

Tukiwa hapohapo kwenye kufuli: Widevine ina madaraja. Kifaa cha L1 kinafungulia video ndani ya sehemu salama ya chipu. Cha L3 kinafanya hivyo kwa programu tu, na wenye maudhui wengi hawakipi zaidi ya ubora wa kawaida. Usishangae simu mpya ya bei ya chini ikionyesha picha hafifu, wala usikimbilie kuongeza megabiti. Halafu kuna HDCP, kufuli ya kwenye waya wa HDMI. Mtu anachomeka laptopu kwenye projekta kwa kiunganishi cha zamani, sauti inasikika ukumbi mzima, ukuta mweusi tii. Hapo hakuna cha kurekebisha kwenye seva, hata mkeshe. Tafuta waya na projekta vinavyoelewana, mapema.

Sasa vyeti vya usalama, hati ambazo seva hukionyesha kifaa ili kiiamini. Hili lingeweza kuwa mstari mmoja, "hakikisha cheti hakijaisha muda", na ndivyo lilivyoandikwa kwenye orodha ya timu moja niliyokuwa nao chumbani usiku wa fainali. Cheti chao hakikuwa kimeisha muda. Kilikuwa kipya kabisa, kimewekwa jana yake, kwa sababu mtu makini aliona cha zamani kimebakiza siku chache. Tatizo ni kwamba kipya kilitoka kwa mamlaka nyingine ya kutoa vyeti, yenye cheti-mzizi (cheti kikuu kinachokaa ndani ya kifaa na kuvidhamini vingine) kilichoanza kuingizwa kwenye vifaa miaka ya karibuni. Kompyuta zilikipokea. Simu zilikipokea. Vijana wa majaribio wakapitisha alama ya vyema kila mahali, maana kila mmoja wao alijaribu kwa alichokuwa nacho mkononi.

Mpira ulipoanza, runinga zikaanza kulalamika. Sio zote. Za mwaka huu na mwaka jana zilicheza. Zile za zamani kidogo, ambazo mtengenezaji alishaacha kuzipelekea masasisho, zilionyesha kiduara kinazunguka, kinazunguka, kisha maandishi ya "hitilafu ya mtandao". Maneno hayo ndiyo yaliyoharibu usiku, kwa sababu kila mtu aliyaamini. Huduma kwa wateja wakawa wanawaambia watu wazime ruta na kuiwasha. Watu wakazima, wakawasha. Fundi wa mitandao akaongeza uwezo wa seva ambazo hazikuwa na shida yoyote. Grafu zilionyesha kila kitu ni kijani, na ni kweli kilikuwa kijani: runinga iliyokikataa cheti haikufika hata kuomba kipande kimoja, kwa hiyo haikuhesabiwa kama aliyeshindwa. Kwa mujibu wa grafu, watu hao hawakuwepo.

Aliyeona kitu ni binti wa huduma kwa wateja. Alisema wateja wake watatu wote wanamwambia jambo moja: simu inacheza kwa waifai ileile ambayo runinga inaikataa. Akasema na mwaka wa kila runinga, kwa sababu alikuwa ameuliza. Hapo ndipo mtu akapekua mnyororo wa cheti, yaani kipi kinadhaminiwa na kipi hadi kwenye mzizi. Wakatafuta cheti cha mamlaka ya zamani, kikasambazwa kwenye seva, runinga zikaanza kurudi moja moja kipindi cha pili kikielekea ukingoni. Kwa aliyekuwa nyumbani na wageni, mechi ilikwishapita.

Na si kisa cha ajabu. Tarehe 30 Septemba 2021, DST Root CA X3, cheti-mzizi ambacho vifaa vya zamani vilikitegemea ili kuviamini vyeti vya Let's Encrypt (mamlaka inayotoa vyeti bure), kilifika mwisho wa muda wake. Vifaa vingi visivyopata masasisho vikaanza kuzikataa tovuti vilizozifungua jana yake. Kwa hiyo usiulize tu "kinaisha lini?" Uliza kimetolewa na nani, mzizi wake uko ndani ya runinga ya mwaka gani, na kama seva inatuma mnyororo mzima pamoja na cheti cha kati. Kivinjari cha kompyuta mara nyingi kinajitafutia chenyewe kipande cha mnyororo kilichokosekana, kinakufichia kosa. Runinga haikutafutii kitu. Na kagua kila jina la seva linalohusika: la video, la leseni za kufuli, la picha, la kuingia kwa nenosiri. Moja likikataliwa, skrini ni nyeusi vilevile. Usibadilishe mamlaka ya vyeti karibu na tukio, hata kwa punguzo la bei.

Kununua runinga kuukuu kwa ajili ya majaribio si ubadhirifu. Inunue, na usiisasishe. Runinga za Samsung za 2017 zenye mfumo wa Tizen 3.0, kwa mfano, zinaendesha programu zake kwa injini ya kivinjari ya Chromium 47, ya mwishoni mwa 2015. Ukurasa ulioandikwa kwa JavaScript (lugha ya kuandikia programu za kurasa) ya kisasa bila kutafsiriwa kuwa ya toleo la zamani hautafunguka kabisa hapo, hata kabla ya kuzungumzia video. Kumbukumbu nayo ni ndogo: programu inayojiwekea akiba ya dakika kadhaa za video nzito itajifunga yenyewe katikati ya mchezo.

Hesabu ya njia. Kila skrini inavuta nakala yake. Watazamaji 1,000 kwa megabiti 3 ni gigabiti 3 kwa sekunde. Seva yenye mlango wa gigabiti 1 itaishia kwenye watu 333, na hapo umeipa ukarimu. Ndiyo maana kuna mitandao ya usambazaji, seva nyingi zinazogawana watazamaji, CDN kwa lugha ya mafundi. Lakini nayo ina masharti. Orodha ya vipande vya mubashara ikae kwenye kashe sekunde chache tu, vipande vyenyewe vikae muda mrefu. Kagua pia kashe inafanya nini na jibu la 404. Kifaa kimoja chenye pupa kikiomba kipande ambacho hakijawa tayari, na kashe ikalihifadhi jibu la "hakipo" kwa dakika tano, wote walio nyuma ya seva hiyo wanaambiwa hakipo wakati kipo. Upande wa kupakia, uwe na angalau mara mbili ya unachotuma, na laini ya pili ya kampuni nyingine. Laini mbili za kampuni moja ni laini moja.

Ikiwa skrini nyingi ziko kwenye jengo moja, acha kila moja ijivutie video yake. Namaanisha: acha tabia hiyo. Skrini 40 kwa megabiti 5 ni megabiti 200, na hata njia ikitosha hazitakwenda sawa. HLS ya kawaida humwanzisha mtazamaji vipande vitatu nyuma ya ukingo wa mubashara, kwa vipande vya sekunde 6 ni sekunde 18, na kila kifaa kinapiga hesabu yake. Ukumbi wa kulia utashangilia bao, wa kushoto bado wanatazama kona. Pokea mara moja, kwa kifaa kimoja, kisha gawanya kwa HDMI. Na mtazamaji wa nyumbani mwambie mapema kuwa picha itachelewa, maana jirani mwenye antena atampigia kelele kabla.

Saa ya kifaa. Runinga iliyochomolewa kwa muda mrefu inaweza kuamka ikiamini ni mwaka wa zamani, na hapo vyeti vyote ni batili na DASH ya mubashara inaomba vipande visivyokuwepo. Weka chanzo cha saa kwenye orodha yenyewe ya DASH. Cheti ndicho kitabaki kumtegemea mwenye runinga kuirekebisha saa.

Vingine vifupi. Kivinjari kitakataa video kama seva haikuruhusu jina la tovuti yako, hata kama programu ya simu inacheza, kwa hiyo jaribu vyote viwili. Manukuu yaangalie kwenye skrini ndogo na kubwa. Zima masasisho ya kujiendesha kwenye vifaa vya ukumbini, zima hali ya kuokoa umeme, zima arifa za laptopu inayoonyesha, betri za rimoti badilisha. Nywila ya enkoda isijulikane na mtu mmoja aliye safarini. Namba ya zamu ya CDN iandikwe ukutani, si kwenye barua pepe. Kuanzia jana yake, asiguse mtu kitu, hata kile kinachoonekana kidogo, hasa kile. Na mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila kutazama kama mteja, kwa bando la simu yake na kwa ile runinga kuukuu, mbali na waifai ya ofisi.