Venye utakaa sawa na staa wako wa zamani, awe alihama ama amezeeka

Hasira ya timu yako kufungwa inaisha Jumatatu ukifika kazini. Lakini hasira ya mchezaji uliyempenda halafu akaenda kwingine, hiyo inaweza kaa na wewe miaka, unamuona kwa TV ya kibanda unageuza macho barabarani. Hapa Kisumu naiona sana, kwa stage ya boda, kwa kinyozi, watu wazima wenye watoto wanamtukana mtu ambaye walikuwa wanaimba jina lake hadi sauti inakauka. Mimi ni wa K'Ogalo, yaani Gor Mahia, na haya naandikia mashabiki wenzangu, na ndugu zetu wa Ingwe, AFC Leopards, pia, juu hapa tuko sawa kabisa.

Kitu ya kwanza, kabla hujamwita msaliti, uliza aliondoka aje. Sio kuuliza kwa baze, huko kila mtu ana jibu. Uliza kama mkataba ulikuwa umeisha, kama alikuwa analipwa, kama klabu yenyewe ndio ilimuuza ikapata pesa. Sheria za FIFA ziko wazi, mchezaji akikaa miezi miwili bila mshahara anaandikia klabu barua, anawapa siku 15, wasipolipa anavunja mkataba na hana kosa. Na mkataba ukibakisha miezi sita anaruhusiwa kusaini na timu ingine mapema. Sasa huyu unayesema alitoroka, mara nyingi unakuta aliandika barua, akangoja, akanyamaza asiaibishe klabu, na wewe ukajua tu siku picha ilitoka ameshika jezi ya watu. 2019 SportPesa, kampuni ya kamari, walipositisha udhamini, Gor na Leopards zote zilibaki bila mdhamini, na wachezaji walikaa wakingoja mishahara huku sisi tukiendelea kuimba tunataka ushindi. Mtu ana mke, ana wazazi Siaya ama Bungoma wanaomtegemea, na mguu wake utalipa kwa miaka michache tu. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Najua kuna zile zinauma hata ukishajua sababu zote. Chukua ya Meddie Kagere, mshambuliaji wetu. Tarehe 10 Juni 2018, fainali ya SportPesa Super Cup, uwanja wa Afraha pale Nakuru, Gor na Simba ya Tanzania. Kagere anafunga mapema kabisa, kipindi cha pili Tuyisenge anaongeza, mbili bila, na tiketi ya kwenda Uingereza kucheza na Everton ikawa yetu. Nakuru ilikuwa kijani siku hiyo, watu walitoka Kisumu, Kericho, Eldoret. Halafu hata mwezi haujaisha unasikia Kagere amesaini Simba. Simba hao hao aliowafunga! Na msimu wake wa kwanza Tanzania akamaliza mfungaji bora na magoli 23, magoli ambayo kwa kichwa chako wewe yalikuwa yafungwe Moi Stadium hapa Kisumu ama Kasarani. Timu ikaenda Everton Novemba bila yeye, tukafungwa nne.

Hiyo ikikuuma usijilazimishe kusema ni biashara tu, haitakusaidia. Uchungu huo ni halali, ulimpa mtu wikendi zako na pesa ya fare. Ninachokuambia ni utenganishe vitu viwili. Goli la Afraha lilifungwa na mchezaji wa Gor, akiwa na jezi ya Gor, na Simba wakiwa ndio wamefungwa, na hakuna mkataba wowote wa baadaye unaoweza kurudi nyuma kulifuta. Hilo lisimulie vile lilikuwa, na furaha yake yote, usiongeze mwishoni "lakini alituacha". Ya kuondoka iongelee siku yake, peke yake. Ukizichanganya utajikuta umetupa miaka yako mizuri ya mpira juu ya sahihi moja.

Kuhusu jezi yenye jina lake, tafadhali usichome. Najua kuna watu wanachoma na kupiga video. Pia sipendi ile ya kubandua jina na pasi ya moto, alama ya gundi inabaki tu mgongoni, kila mtu anasoma hata herufi zikitoka. Ivae hivyo hivyo ama uiweke. Ukishindwa kabisa, mpee kijana anayecheza mtaani ambaye hana, yeye hana kesi na mtu.

Siku anarudi na timu pinzani ndio mtihani. Ushauri wangu ni huu, jina lake likisomwa kwa spika mpigie makofi, sekunde chache tu, simama kama unaweza. Mpira ukianza, sasa mfanyie kelele kama mpinzani mwingine yeyote, hakuna mtu amekuambia umshangilie akikufunga. Lakini mama yake usimtaje, kabila lake usilitaje, na chupa isiruke. Hii ya chupa naisema kwa uchungu, juu shirikisho likitoa faini halimpigii yule aliyerusha, linapigia klabu, na inaweza fika mahali timu inacheza uwanja mtupu, sasa umemuadhibu nani? Hata Arsenal, Aprili 2013, Van Persie, nahodha wao wa zamani, aliporudi kwao na Manchester United ambao walikuwa tayari mabingwa, wachezaji walijipanga mistari miwili wakawapigia makofi, na yeye huyo ndiye aliwasaidia kuchukua hiyo ligi. Mashabiki wa Arsenal wa hapa Kondele walilia na bado wako hai. Ukiwa na mtoto uwanjani ndio uchunge zaidi, anajifunza kutoka kwako venye mtu aliyekufurahisha anatendewa.

Kuna mwingine ambaye haendi kwa adui, anarudi nyumbani lakini amechoka. Dennis Oliech alifunga goli dhidi ya Cape Verde 2003 lililopeleka Kenya AFCON ya Tunisia, kijana wa miaka 18. Alipokuja Gor Januari 2019 alikuwa na miaka 33, ametoka Ufaransa zamani, na kuna watu walienda uwanjani wakitaka kuona yule wa 2003 akikimbia. Hapo kosa ni la macho yetu. Mchezaji wa umri huo mtazame anasimama wapi kabla mpira haujafika, anaongea na vijana aje, anavuta mabeki wangapi. Ukimtazama hivyo utapata kitu cha kufurahia, ukimpimia mbio utarudi nyumbani na huzuni bure.

Siasa nayo nitapita haraka. McDonald Mariga, mtu wa Inter Milan iliyochukua kombe la Ulaya 2010, aligombea ubunge wa Kibra, Nairobi, 2019 na tiketi ya Jubilee, na huku kwetu kwa watu wa ODM unajua venye hiyo ilipokelewa. Mpinge kwa kura, mpinge kwa hoja. Medali ya 2010 iache hapo ilipo.

Sasa nifike kwa wale wenye tunawadai kidogo na wanatudai sana, wazee. Hii Kisumu yote, na Kakamega na Vihiga, kuna watu unapita nao sokoni hujui walicheza. Timu ya Gor ya 1987 ilitoka Tunis na sare ya mbili mbili dhidi ya Espérance, ikatoka sare ya moja moja Nairobi, ikachukua kombe la washindi wa Afrika kwa magoli ya ugenini, na hadi leo hakuna klabu ingine ya Kenya imewahi kuleta kombe la Afrika nyumbani. Aliyekuwa na miaka 25 wakati huo sasa amepita 60. Joe Kadenge, ambaye jina lake bado watoto wanaliita wakipiga chenga, "Kadenge na mpira", aliondoka Julai 2019 akiwa na miaka 84 baada ya kuugua muda mrefu, na siku ya msiba kila kiongozi alikuwa na hotuba.

Ukitaka kumtembelea mzee kama huyo, pigia mtu wa familia kwanza, usitokee tu na kundi la watu ishirini na tarumbeta. Enda wawili au watatu, na sukari, unga, kitu ya nyumba. Msalimie kama mzee, "jaduong'" kama ni mjaluo, ukienda upande wa Vihiga "mzee" inatosha, hakuna haja ya majina ya utani ya uwanjani hadi yeye mwenyewe ayalete. Usimuulize "maisha iko aje siku hizi" ukiangalia ukuta. Muulize gemu moja, moja tu unayoijua. Nani alitoa pasi? Kipa alikuwa nani? Utaona venye mgongo unanyooka na mikono inaanza kuonyesha, hapa nilikuwa mimi, huku beki wao, na kikombe cha chai kinakuwa goli. Hapo omba ruhusa urekodi sauti, sauti tu, na uandike majina yote anayotaja, juu rekodi zetu ni chache na nyingi ziko kwa vichwa vya hawa wazee. Picha za umaskini wake usipige. Kiatu kilichotoboka, mabati yenye kutu, hiyo haitoki kwa hiyo nyumba.

Halafu msaada. Harambee za hospitali tunazijua, zinaanza mtu akishalazwa na bili ikishapanda, na wanaochanga ni wale wale. Mimi naona kuna njia ingine bora kwa tawi la mashabiki. Hakikisha mzee ameandikishwa SHA, ile bima ya afya ya serikali, inafanywa kwa simu, *147#, mjukuu anaweza kumsaidia akiwa na kitambulisho. Ambaye hana ajira analipa ya mwaka mzima mara moja, na kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Tawi la watu thelathini na sita ni mia mia. Chagueni mzee mmoja, lipeni Januari kabla karo haijamaliza watu, na mwaka ukiisha mlipe tena bila kungoja kuambiwa anaumwa. Anayeweka pesa awe mmoja mnayemwamini, na risiti mtumieni mzee mwenyewe kwa simu yake, msiiweke kwa grupu.