Jinsi ya kumjua aliyelipia safari ya mbunge wa Marekani

Mbunge wa Marekani akisafiri kwa fedha za shirika binafsi, karatasi za safari hiyo huwekwa hadharani. Unaweza kuzisoma ukiwa Mwanza au Mombasa, bila kuomba ruhusa ya mtu. Wanaozisoma ni wachache, na wengi huishia kwenye jina la mfadhili. Mimi naona jina hilo ni mlango tu.

Hatua ya 1: Pata faili

Fungua tovuti ya Karani wa Baraza la Wawakilishi, sehemu ya zawadi na safari. Mbunge hupewa siku 15 baada ya kurudi kuwasilisha taarifa. Seneti hutoa siku 30, na faili zake ziko kwa Katibu wa Seneti. Tafuta pia wasaidizi wa mbunge: wao ndio wanaoandaa rasimu za sheria, na ni nadra mtu kuwafuatilia. Safari zinazolipiwa na serikali yenyewe ya Marekani hutazipata hapa.

Hatua ya 2: Soma gharama pamoja na ratiba

Nauli, malazi na chakula huandikwa mbalimbali. Hesabu saa za vikao, kisha saa za matembezi. Angalia kama kuna mwenza aliyelipiwa. Baada ya kashfa ya Jack Abramoff, mshawishi (mtu anayelipwa kuwashawishi wabunge) aliyemwandalia mbunge Bob Ney safari ya gofu Scotland mwaka 2002, kanuni zilikazwa mwaka 2007: shirika linaloajiri washawishi kwa kawaida haliruhusiwi kulipia zaidi ya shughuli ya siku moja.

Hatua ya 3: Tafuta kiapo cha mfadhili

Usiiruke hatua hii. Katika fomu ya mfadhili kuna kisanduku anachothibitisha kwamba hakupokea fedha kutoka kwingine kwa ajili ya safari hiyo. Chini yake pana jina na saini.

Mei 2013, wabunge 10 na wasaidizi 32 walikwenda Baku, Azerbaijan. Karatasi zilitaja mashirika yasiyo ya faida ya Marekani. Wachunguzi wa maadili walikuja kugundua kwamba fedha zilitoka SOCAR, kampuni ya mafuta ya serikali ya Azerbaijan, dola 750,000. Baadhi ya wageni walipewa mazulia. Kamati ya Maadili iliona kuwa wasafiri walidanganywa. Kemal Oksuz, aliyeongoza shirika la Houston lililohusika, alikiri kosa mahakamani Desemba 2018: alificha chanzo cha fedha kwenye fomu hizohizo.

Hatua ya 4: Mchunguze mfadhili

Soma ritani yake ya kodi, Fomu 990. Majina ya wachangiaji mara nyingi hufichwa, kwa hiyo tazama mapato. Je, yalipanda ghafla mwaka wa safari? Shirika lilianzishwa lini? Bodi ina nani? Peleka majina hayo kwenye daftari la washawishi, halafu kwenye daftari la mawakala wa serikali za kigeni linalotunzwa na Wizara ya Sheria.

Hatua ya 5: Iandikie ofisi ya mbunge

Ambatisha ukurasa wenye saini. Uliza nani alileta mwaliko, na ni muswada au azimio gani kuhusu nchi ile mbunge aliunga mkono baada ya kurudi. Wape muda wa kujibu, na majibu yao uyachapishe yote, hata yakipingana na ulichokishuku.