Kutafuta Chanzo cha Mlio wa Tiki-Tiki katika Injini ya Hilux ya Dizeli

Kabla hujafungua hata boliti moja ya Hilux yenye injini ya 3L (hilo ni jina la aina ya injini, si lita 3), pima oili gari likiwa mahali tambarare, kwa sababu oili pungufu husababisha kelele zinazofanana na za vali. Kisha washa injini ikiwa baridi: mlio unaofifia kadiri chuma kinavyopata moto, huku masizi yakionekana penye maungio ya manifoldi ya eksozi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini), ni moshi unaovuja, na dawa yake ni gasketi mpya.

Mlio usiofifia mara nyingi hutoka kwenye vali. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha vali, izungushe injini kwa spana mpaka ncha ya kemu (nundu ya shafti inayofungua vali) iwe mbali na tapeti (kikombe kilicho kati ya kemu na vali), kisha pima nafasi iliyopo chini ya kemu: vali ya kuingizia hewa inatakiwa milimita 0.20 hadi 0.30, na ya kutolea moshi 0.40 hadi 0.50. Hapa hakuna skrubu ya kurekebishia. Hubadilishwa shimu, yaani kisahani kilicho juu ya tapeti, kwa nyingine yenye unene unaofaa. Nasisitiza upime vali zote 8, kwa kuwa nafasi iliyobana huunguza vali bila kutoa sauti yoyote ya kukuonya.