Jinsi ya kujaribu gemu za indie kabla hujalipa hela yako

Wadau, gemu za indie ni zile zinazotengenezwa na mtu mmoja au kikundi kidogo bila kampuni kubwa nyuma yao. Mi nazipenda mno, ila kwa vile kila moja bei yake ni ndogo unajikuta ofa ikitoka unabeba tano kwa mpigo, alafu nne hata huzifungui. Jaribu kwanza, hela baadaye.

Anza na za bure. Ingia itch.io, tovuti ambako watengenezaji wanaweka gemu zao wenyewe, weka filta ya za bure na zinazochezeka kwenye brauza, hapo hudaunlodi kitu, unabonyeza tu unacheza. Zingine zimeandikwa ulipe unachotaka, hizo hata sifuri inaruhusiwa, lakini ikikukolea rudi umlipe, maana mara nyingi huyo huyo ndo kachora, kaandika programu na kutunga mpaka muziki.

Hujui uanzie wapi? Tafuta Celeste Classic, watu wawili waliitengeneza 2015 kwa siku 4 tu. Kuna binti anapanda mlima, kazi yako kuruka na kudashi, yaani kuchomoka ghafla kwa kasi hata ukiwa hewani, basi. Mwangalie nywele: zikiwa nyekundu dashi bado unayo, zikigeuka bluu umeshaitumia, subiri mpaka akanyage chini. Hakuna anayekuelezea hilo, unaling'amua mwenyewe baada ya kufa mara kadhaa, na kama kule kufa kunakupa hamu ya kurudia badala ya hasira basi gemu za namna hii ni zako, nenda kanunue Celeste kamili ya 2018.

Kwa Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, angalia kwanza kama gemu ina demo, yaani kipande cha kuonja bure, na kipindi cha Next Fest, tamasha la Steam la demo, zinamwagwa kibao. Kama haina, kuna njia ya kurudishiwa hela: uombe ndani ya siku 14 tangu ununue na uwe hujafikisha saa 2 za kucheza. Na hapa wengi wanaumia, saa zinahesabika muda wote gemu ikiwa wazi, hata ukiipozi ukaenda kula, kwa hiyo ukitoka ifunge kabisa. Mi dakika 10 za mwanzo naangalia kama inakwamakwama na kama maandishi yanasomeka, nacheza mpaka kama dakika 50 alafu nafunga nalala. Kesho yake nikijikuta naiwaza, inabaki. Nikiwa nimeisahau, naomba hela yangu.

Zile zinazouzwa kabla hazijakamilika, lipia kilichomo leo, sio ahadi. Vampire Survivors ilianza hivyo Steam Desemba 2021 ikakamilika Oktoba 2022, ila zingine zinaachwa njiani, so cheki tarehe ya apdeti ya mwisho, na usome maoni ya walioichukia baada ya kucheza saa nyingi, hao ndo wanasema inapochosha.